Barua za Keya kutoka Burma: vita viko wapi?

Msomaji mmoja wa Newala ameniandikia. Nafupisha swali lake:

"Shikamoo mtaalamu. Mama yetu alifariki mwaka jana, na katika kasha lake tumekuta barua tano za baba yake, babu yangu, aliyekuwa askari Keya katika Vita vya Pili vya Dunia. Ya kwanza ni ya Agosti 1943, ya mwisho ya Machi 1945. Bahasha zote zina 36 K.A.R., na tatu za mwisho zimeongezwa S.E.A.C. Nimezisoma zote, na kusema kweli nimevunjika moyo. Vita hamna. Anauliza maji, anauliza fedha za Boma, anauliza mbuzi. Bibi hakuandikiwa hata barua moja, zote zimekwenda kwa kaka yake bibi. Moja imekatwa kipande kwa wembe. Mbili zina maandishi ya zambarau. Ya mwisho mwandiko wake ni tofauti kabisa, na kaka yangu anasema hiyo si ya babu. Tena yeye anataka tuzipeleke zote steshenari zikalaminetiwe zisiharibike. Je, barua hizi zina maana yoyote? Na tutajuaje babu alipigana wapi?"

Marahaba mjukuu wangu, na poleni sana kwa msiba wa mama.

Nianze na la kaka yako, maana ndilo lisiloweza kusubiri. Msizilamineti. Najua nia yake ni njema, lakini ile mashine inayeyusha plastiki kwa moto na kuigandisha kwenye karatasi pande zote mbili, na ikishaganda haibanduki. Karatasi za wakati wa vita zilikuwa duni, zina asidi ndani yake. Zitaendelea kuwa za njano na kuvunjika humo humo ndani ya plastiki, na hapo hata fundi bingwa wa nyaraka hatakuwa na la kuwasaidia. Selotepu pia msiiguse. Gundi yake inageuka kahawia na kula maandishi.

Zile mbili za zambarau ndizo za kuangaliwa zaidi. Hiyo ni kalamu ya kopi, penseli iliyotiwa rangi. Ikiwa kavu huandika kijivu kama penseli yoyote, lakini ikiguswa na unyevu hugeuka zambarau na kuanza kutambaa. Kwa hiyo barua hizo zimekwisha kupata unyevu mara moja, labda njiani, labda kwenye kasha, na zikipata tena maneno yatachuruzika. Usilambe kidole kufungua kurasa, usifute kwa kitambaa kibichi, usizisome jikoni wakati chungu kinatoa mvuke. Chagua siku kavu ya kiangazi. Zifungue juu ya meza safi, karibu na mlango ambapo mwanga unaingia lakini jua halipigi moja kwa moja, uzipige picha kwa simu: mbele, nyuma, na bahasha pande zote mbili. Kama zina pini yenye kutu, itoe taratibu. Kisha kila barua na bahasha yake viingie ndani ya bahasha mpya ya karatasi, si mfuko wa nailoni, na zote zikae kwenye sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni na kutengwa na ukuta. Mchwa wa kwenu mnaujua kuliko mimi. Picha za simu mtumie ndugu wawili watatu walio mbali, ili moja ikipotea nyingine zibaki. Stempu kama zipo msizibandue hata kama kuna anayezitaka kwa fedha, kwa sababu mhuri uliogongwa juu yake ni sehemu ya ushahidi wenu.

Sasa tuje kwenye ushahidi wenyewe, maana swali lako la mwisho ndilo jepesi kuliko yote. Babu alipigana wapi? Bahasha imekwishasema. K.A.R. ndiyo King's African Rifles, ambayo wazee wetu waliita Keya. Batalioni zake za Tanganyika zilihesabiwa kwa kuishia na sita: ya 6 iliyokuwapo kabla ya vita, kisha zilizoundwa wakati wa vita kama ya 26 na ya 36. Batalioni ya 36 iliingia katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyobeba alama ya kichwa cha kifaru begani. Divisheni hiyo ilivushwa bahari kwenda Silani, Sri Lanka ya leo, katikati ya 1943, ikakaa huko mwaka mzima ikifundishwa vita vya msituni. Hivyo barua ya Agosti 1943 bila shaka ni ya Silani. S.E.A.C. ni kamandi ya Asia ya Kusini Mashariki, iliyoanza kazi mwishoni mwa 1943, na ndiyo sababu herufi hizo hazipo kwenye bahasha za mwanzo.

Halafu kuna barua ya Septemba 1944. Umenitumia picha yake, nami nimeisoma mara nyingi kuliko zote. Wewe unasema haina vita. Hebu rudi kwenye mstari wa tisa: "Huku mvua hainyeshi, inamwagwa, na sisi sote tumekuwa wa manjano kwa dawa tunayopewa kila siku." Mstari huo umejaa vita. Agosti 1944 Divisheni ya 11 iliingia Burma, Myanmar ya leo, kupitia bonde la Kabaw, ikiwafukuza Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma baada ya kushindwa Imphal, upande wa India. Ilikuwa katikati ya masika ya huko, na masika ya huko ni makali. Barabara ziligeuka tope la magotini, magari yakazama, na chakula na risasi vikaangushwa kwa ndege. Bonde lile lilisifika kwa malaria na kwa taifasi ya vichakani, homa inayoletwa na utitiri. Dawa anayoitaja babu ni mepakrini, kidonge cha manjano cha kuzuia malaria ambacho askari walilazimishwa kumeza kila siku, mara nyingi mbele ya sajini ili asiwepo wa kukitema, na kikitumiwa kwa muda mrefu kinageuza ngozi kuwa ya manjano. Basi siku ile babu yako alikuwa ameketi katika tope la Kabaw, ngozi imebadilika rangi, anaandika habari za mbuzi.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 2 Desemba 1944, divisheni yake iliuteka mji wa Kalewa kwenye mto Chindwin. Likajengwa hapo daraja la kuelea la vyuma lenye urefu wa futi 1,154, kama mita 350, wakati huo likiwa refu kuliko madaraja yote ya aina yake duniani. Majeshi mengi yakavukia hapo kuelekea Mandalay, na Divisheni ya 11 ikarudishwa India kupumzika. Barua ya tano ya Machi 1945 imeandikwa katika mapumziko hayo. Kumbuka hili, nitalirudia.

Mbona basi hakuyasema haya? Sababu ya kwanza mnayo mkononi: tundu la wembe. Kila barua ya askari ilisomwa na afisa kabla haijafungwa, ndiyo maana bahasha ina ule mhuri wa mkaguzi na saini ya haraka kando yake. Jina la mahali, jina la meli, idadi ya waliokufa, kikosi kinakwenda wapi, vyote hivyo vilikatazwa. Makatazo hayo yalikuwa na msingi. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache, wakafa watu karibu 1,300, wengi wao vijana wa Afrika Mashariki wa kikosi cha mizinga. Barua yako iliyokatwa ni ya Machi mwaka huo huo. Siwezi kukuambia babu aliandika nini hapo, lakini sentensi iliyo kabla ya tundu inasema "tumesikia habari ya wenzetu waliokuwa", halafu karatasi imekwisha. Angalia mwenyewe tarehe mbili hizo.

Sababu ya pili hukuiuliza, lakini naiona ni kubwa kuliko wembe. Wasomaji wake walikuwa akina nani? Watu wa Newala wa 1944, wenye umri wa miaka arobaini na kuendelea, walikuwa wameviona vita kwa macho yao. Oktoba 1917, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Mwingereza na ya Mjerumani yalichinjana siku nne Mahiwa, barabara ya Lindi kwenda Masasi. Mwezi uliofuata majeshi ya Mjerumani yalipita juu ya uwanda wenu wa Makonde, yakaacha wagonjwa wao Nambindinga, na tarehe 25 Novemba yakavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Nyuma ya kila askari walikuwapo wapagazi, na nyuma ya wapagazi njaa, kwa sababu ghala lililokutwa lilizolewa. Mzee aliyeyapitia hayo hahitaji mjukuu wake amweleze vita ni nini. Alihitaji kujua kijana yuko hai. Na kijana naye alihitaji kujua kama nyumbani bado pako.

Ndiyo maana ninakusihi uache kutafuta vita ndani ya barua hizi, uzisome kama alivyoziandika. Ziweke tano mezani kwa mpangilio wa tarehe, ufuate jambo moja tu, hayo maji yaliyokuchosha. Agosti 1943: "Nani anakwenda kuteka maji sasa?" Machi 1944: "Mwambie asishuke bondeni peke yake, hali yake anaijua." Septemba 1944: "Nimefurahi kusikia ni mtoto wa kike. Sasa maji ateke nani?" Wewe ni mtu wa Newala, lakini umekulia kwenye bomba. Juu ya uwanda ule mchanga hunywa mvua yote, chemchemi ziko bondeni chini ya genge, na kabla ya mradi wa maji wa miaka ya 1950 mwanamke alishuka na mtungi usiku bado, akapanda nao jua likiwa limekwisha kuwa kali. Mtafiti Mjerumani Karl Weule alipokaa Newala mwaka 1906 alikuta hivyo hivyo. Bibi yako alikuwa mjamzito, mumewe yuko ng'ambo ya bahari, na njia ile ina utelezi. Huyo "mtoto wa kike" ni mama yako mliyemzika mwaka jana. Babu alimjua kwa barua kabla hajamwona kwa macho, na jambo la kwanza alilolifikiria ni maji ya kumwogeshea. Kama kuna barua ya mapenzi iliyo wazi kuliko hiyo, mimi sijaisoma.

Umeumia kwamba hakumwandikia bibi. Usiumie. Kwenu Wamakonde, kama ilivyo kwa Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo unafuata upande wa mama. Watoto wa bibi walikuwa wa ukoo wa bibi, na msimamizi wao alikuwa kaka yake, yaani mjomba. Mwanamume anaposafiri anamwachia shemeji yake mke na watoto kwa mdomo, mbele ya watu, na habari zao anamuuliza yeye. Kumwandikia mke moja kwa moja na kumruka shemeji kungeonekana kama kusema humwamini. Tena barua haikusomwa chumbani. Ilifika Boma, ikachukuliwa, ikapelekwa kwa anayejua kusoma, mara nyingi mwalimu wa UMCA, misheni ya Kianglikana, akaisoma kwa sauti uani watu wamekaa. Bibi alikuwapo pale, anasikia kila neno. Babu alijua kwamba anasikia. Zisome tena barua zile ukimweka bibi kwenye mkeka pembeni, utaona ni mistari mingapi imeandikwa kwa jina la shemeji na kusemwa kwa mke.

Hizo fedha za Boma nazo si tamaa. Askari aliweza kuagiza sehemu ya mshahara wake ilipwe kwa ndugu aliyemtaja, kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya. Malalamiko juu ya malipo hayo yalikuwa mengi majeshini, kwa sababu jina likikosewa herufi moja mlipwaji alirudishwa. Babu anarudia jina la shemeji yake kwa ukamilifu, pamoja na jina la jumbe, katika kila barua. Alikuwa anahakikisha karani hana kisingizio. Na anapoahidi "vitambaa viwili nimeviweka" elewa kwamba nguo zilikuwa adimu Tanganyika nzima wakati ule na ziligawiwa kwa mgao. Vitambaa viwili vilikuwa mali.

Sasa mwandiko. Barua nne za kwanza zina hati nzuri, yenye kulala, na zinafunguliwa na "Ila jenabi, mpendwa shemeji yangu", na kufungwa na "wasalaam". Uliniuliza pembeni imekuwaje Mkristo wa misheni afungue barua hivyo. Ni kwa sababu hakuandika yeye. Hizo ni taratibu za barua za pwani, zenye maneno ya Kiarabu, na mkono ule ni wa mtu aliyelelewa nazo: kijana wa Lindi, au Kilwa, au Tanga, aliyekuwa mwandishi wa wenzake kwenye kambi. Kila kikosi kilikuwa na watu wa namna hiyo. Asiyejua kuandika alikaa naye, akasema, mwenzake akaandika, akimtilia salamu alizoziona zinafaa. Kwa hiyo katika barua hizo nne usipime sana maneno ya mwanzo na ya mwisho. Ya babu ni yale ya katikati, yanayobadilika.

Barua ya tano haina "ila jenabi". Herufi ni kubwa, zinapanda na kushuka, penseli imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka sehemu mbili. "Shemeji mimi mzima. Nandika mwenyewe. Maji je." Mistari sita tu, na jina lake limeandikwa mara mbili, mara ya kwanza limekosewa. Kaka yako anasema hiyo si ya babu. Mimi nasema hiyo ndiyo pekee ambayo ni ya babu kutoka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho. Jeshi la Afrika Mashariki lilikuwa na kikosi chake cha elimu, chenye walimu Waafrika waliofundisha askari kusoma na kuandika Kiswahili kambini. Nilikuambia ukumbuke kwamba Machi 1945 divisheni yake ilikuwa mapumzikoni India. Ndipo alipopata nafasi ya kukaa darasani. Mtu aliyeghushi barua angejitahidi kuiga hati ya zile nne, asingetuachia mistari sita iliyopinda. Na nani mwingine duniani angemaliza kwa kuuliza maji?

Kuhusu kutafuta zaidi, njia zipo. Shajara za vita za batalioni zilizopigana Burma, zilizoandikwa siku kwa siku, zimehifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew, London, katika kundi la WO 172. Mwombe ndugu aliyeko huko, au mlipe mtafiti, atafute ya 36 K.A.R. ya 1944. Majina ya askari wa kawaida ni nadra humo, lakini utajua kikosi kililala wapi tarehe ya kila barua. Hapa nyumbani nendeni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, mkaulize majalada ya Jimbo la Kusini, ambalo makao yake wakati huo yalikuwa Lindi. Kama barua inamtaja rafiki ambaye hakurudi, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha inayotafutwa bure mtandaoni. Wengi wa waliokufa Burma bila kaburi wameandikwa kwenye mnara wa Taukkyan, nje ya Yangon. Tazameni tena ndani ya kasha: cheti cha kuachishwa jeshi, na medali. Nyota ya Burma ina utepe wa buluu nzito, mstari mpana mwekundu katikati na wa machungwa kila upande. Msivunjike moyo ikiwa haina jina, nyota hizo zilitolewa bila majina.

Lakini kabla ya London na Dar es Salaam, kuna kazi ya wiki hii. Mmoja akae na wazee waliobaki wa ukoo wa bibi, awasomee barua zote tano kwa sauti, simu ikirekodi, na aulize majina: huyo jumbe ni nani, mwalimu aliyesoma barua ni yupi, mbuzi alikuwa wa nani, na barua za majibu alikuwa akiziandika nani. Majibu ya shemeji yalikwenda Burma na kupotea huko. Kilichomo ndani yake kimebaki kwenye vichwa vya watu wachache, na wote ni wazee.

Kisha nipigie picha nyuma ya bahasha ya pili, kwa mwanga wa pembeni. Chini ya mhuri wa mkaguzi naona kama kuna namba ya askari imefutika. Tukiipata hiyo, kumtafuta kwenye majalada kutakuwa rahisi zaidi.